Ugonjwa wa Mama na Wangu

Nilikuwa darasa la tano mwaka ule mama alipopaka nyumba ya jirani bila kuombwa.

Tuliishi Kumsenga, upande wa Kibondo, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye jiko la nje. Ng'ambo ya njia aliishi bibi mmoja mjane ambaye kila mchana, akishakula, alijilaza kidogo. Siku hiyo mama alikuwa ameshaipaka nyumba yetu udongo mweupe unaochimbwa bondeni, kuanzia chini hadi pale mkono wake ulipofika, na chini kabisa akazungusha mstari wa udongo mwekundu. Ilipendeza kweli. Alipomaliza, udongo ulikuwa umebaki kwenye ndoo na yeye hajachoka, basi akavuka njia akaanza nyumba ya bibi. Bibi aliamka, akatoka nje huku anafunga kanga, akautazama ukuta, akamtazama mama.

"Mwanangu, hii nyumba imekuwa ya nani?"

"Ni yako, mama," mama akajibu huku anacheka. "Nimekupendezesha. Kesho naanza ya huyo wa juu."

Na kesho yake akaanza ya huyo wa juu. Alipofika kwenye vyoo vya shule ya msingi, mwalimu mkuu alikuja nyumbani kumwuliza baba kwa upole kama kuna makubaliano ya kijiji ambayo yeye hakuambiwa.

Watu walicheka, nasi watoto tulicheka nao, maana mama wa siku zile alikuwa raha tupu. Alikuwa shambani kabla jua halijatoka, na tulipoamka kwenda shule tulimkuta amelima sehemu ambayo watu wazima wanne wangeimaliza kwa shida. Aliimba. Aliongea haraka, Kiha na Kiswahili vikipandana, hata ukitaka kumjibu ulikuta ameshahamia jambo jingine. Alipika ndizi na maharage kwenye sufuria kubwa la kupikia msibani na kuita wapita njia waje kula. Mtu mmoja asiyemjua alimwambia ana mtoto mgonjwa, mama akamfungulia mbuzi wetu jike mwenye mimba, akamkabidhi kamba.

Kicheko cha watu kilibadilika siku ya gulio. Mama alipanda juu ya gunia la maharage la mfanyabiashara mmoja, akatangaza kwamba ametumwa kupatanisha wanandoa wote wa wilaya ya Kibondo, na kwamba waanze kupanga mstari. Baba alifika akamshika mkono taratibu ili amshushe. Mama alimgeukia.

"Wewe mkimbizi! Umeletwa hapa umebebwa mgongoni, leo unanishika mkono mbele za watu?"

Ilikuwa kweli kwamba baba aliletwa kutoka Burundi akiwa mtoto wa mgongoni. Alikulia hapa, akaoa hapa, akapewa uraia, na nyumbani mwetu jambo hilo halikuwa linasemwa kwa ubaya. Baba aliendelea kumshika mkono hivyo hivyo, bila kumvuta, hadi mama alipochoka kupiga kelele akashuka mwenyewe. Walirudi nyumbani kwa miguu, baba mbele, mama nyuma akiendelea kuongea, na mimi nyuma yao nikiwa nimebeba kikapu ambacho hakikuwa na kitu.

Haikupita muda mrefu akaanguka. Sijui neno jingine la kutumia. Maharage aliyoyapanda yalikuwa yameiva, maganda yamekauka yanapasuka yenyewe shambani, na yeye yuko kwenye mkeka, uso umeelekea ukutani. Muhogo aliouloweka uliozea majini hadi harufu ikafika barabarani. Hakuoga. Hakusuka nywele. Mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa anajifunza kutembea, alimpanda mgongoni kama anavyopanda gogo, naye hakugeuka.

"Mama, amka ule," nilimwambia.

"Mwana wanje, mwanangu, chakula hakinitaki."

"Unaumwa wapi?"

"Ningejua ningekuonyesha," alisema.

Baba aliingia jikoni. Kwa watu wa kwetu hilo lilikuwa jambo la kuchekwa, mwanamume kusonga ugali wa muhogo huku moshi unamtoa machozi, na wanaume wenzake walikuja hadi uani kumtania. Hakuwajali. Alimlisha mama kwa mkono wake, tonge dogo dogo, na mama alipofunga mdomo baba alisubiri. Siku moja alinikuta mimi na kaka yangu tunamwigiza mama alivyopanda juu ya gunia. Hakutupiga. Alikaa chini mbele yetu.

"Mama yenu anaumwa," alisema. "Angekuwa na malaria mngecheka?"

"Hapana, baba."

"Basi na hii msicheke."

Lakini yeye mwenyewe hakujua hii ni nini. Hakuna aliyejua. Kilichojulikana ni kwamba ilianza baada ya mdogo wetu kuzaliwa. Kabla yake mama alikuwa amezika mtoto mwingine, msichana, aliyekufa kwa homa kabla hajapata meno. Mimba ya huyu wa mwisho aliibeba kwa hofu, na alipojifungua salama hakulala. Wiki ile nzima alikuwa anacheka, anaimba, anafua nguo zilizokwisha kufuliwa, na wanawake waliokuja kumwona mzazi walisema ni furaha ya kupata mtoto baada ya kufiwa. Kisha akanyamaza. Tangu hapo ikawa hivyo, kupanda na kushuka, na katikati yake miezi ambayo alikuwa mama yetu tu, anayepepeta unga na kutukemea tunapochelewa kutoka kisimani.

Bibi, mama yake mama, alikuja kumwuguza. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku moja tukichambua maharage uani alisema kitu ambacho hakuna aliyemwuliza.

"Mwanangu wa kwanza alikuwa hivi."

Baba alikuwa anachonga mpini wa jembe. Aliacha.

"Yule mjomba wao aliyekufa?"

"Ego, ndiye huyo. Tulisema ni homa. Haikuwa homa." Aliendelea kuchambua maharage. "Alijiondoa duniani mwenyewe. Tulimzika asubuhi na mapema, bila kuimba. Na baba yangu mimi alikuwa na majira yake. Alikuwa anakwenda msituni kwenye mizinga ya nyuki, anakaa huko hadi wanakwenda kumchukua, wanamkuta amekaa tu. Hajarina asali, hajawasha moto."

"Mbona hamkuniambia?" baba aliuliza.

"Ungeoa?"

Baba alirudi kwenye mpini wake. Baadaye kidogo alisema, bila kuinua macho, "Ningeoa."

Walimpeleka mama kwa mfumu, mganga wa upande wa Gwarama, ambaye alimchanja kifuani na kusema kuna mke wa mtu anamwonea wivu. Walimpeleka pia kwenye maombi. Mchungaji aliagiza afunge, asile wala asinywe, ili kilichomo ndani kitoke. Mama, ambaye tayari alikuwa hali chakula, alifunga, na walipomrudisha nyumbani alikuwa amebebwa. Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Alilia alipokuwa anamwombea, nilimwona. Lakini alimwambia baba kwamba ipo dhambi nyumbani haijatubiwa, na baba alitoka pale akaanza kuitafuta. Kwa miezi alikuwa anatafuta dhambi yake. Aliwaendea watu aliowahi kugombana nao zamani akawaomba msamaha kwa mambo ambayo wao wenyewe walikuwa wameyasahau.

Aliyetuonyesha njia alikuwa mama mmoja mwenye duka la vitenge mjini Kibondo, Mwislamu, ambaye wazazi wake walitoka Tanga. Mama alikuwa mteja wake wa miaka. Baba aliingia dukani kutafuta kanga, na yule mama akamwuliza habari za mteja wake. Baba, ambaye hakuwa na kawaida ya kusimulia, alisimulia. Nilikuwa naye siku hiyo. Yule mama aliacha kukunja vitenge.

"Pole sana, baba. Mdogo wangu kule Tanga alikuwa hivyo hivyo. Anafungua duka jipya, anaalika mtaa mzima, kisha anajifungia miezi. Tulizunguka kwa waganga wote wa pwani. Sisi tulisema jini, ninyi mnasema mmerogwa. Kumbe ni ugonjwa wa hospitali."

"Alipona?"

"Kupona kabisa, hapana. Anakunywa dawa, analea wanawe." Alimfungia baba kanga kwenye karatasi. "Mpelekeni Kasulu. Hospitali ipo inayotibu hayo. Msiseme ana kichaa, semeni hisia zake zinapanda na kushuka."

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri matokeo, kwa hiyo ni mimi niliyefuatana nao ili nimhudumie mama. Safari ile, barabara ikiwa bado ya vumbi jekundu, mama alikaa dirishani kama mzigo uliowekwa na mtu. Tulipofika tulipokelewa na mwanamke kijana aliyesomea magonjwa ya akili. Tulimwita daktari, akatuambia yeye si daktari ni afisa tabibu, tukaendelea kumwita daktari. Baba alianza kueleza. Yule mwanamke alimsikiliza kidogo, kisha akamgeukia mama.

"Mama, shikamoo. Wewe mwenyewe unasemaje?"

Katika miaka yote ile hakuna mtu mzima aliyewahi kumwuliza. Mama aligeuka akamtazama. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Nimechoka kusimuliwa niliyoyafanya."

Yule daktari hakuandika kitu. Aliinamisha kichwa tu. Alimpapasa mama shingoni, akasema atapima damu yake, kwa kuwa ipo tezi pale kooni ambayo ikiharibika mtu huweza kuwa mzito na mwenye huzuni, na yapo maradhi mengine yanayoweza kujificha nyuma ya huzuni. Majibu yalirudi safi. Ndipo akatuita tena, sote watatu, akazungumza kama mtu anayewaelekeza wageni njia.

"Kila mtu hufurahi na kuhuzunika. Umefiwa, unalia. Umevuna vizuri, unacheka. Halafu inapita, unarudi mahali pako. Lakini wapo watu ambao hisia zao zikishuka hazirudi. Haijalishi amevuna au hakuvuna. Hiyo tunaita sonona. Wengine sonona yao si kali, lakini inakaa nao miaka, hata watu wanasema huyu ndivyo alivyo, mtu wa kununa. Wapo wanawake inayowashika baada ya kujifungua. Na wapo kama mama, wanaopanda juu mno, halafu wanashuka chini mno. Ni ugonjwa mmoja wenye nyuso mbili."

"Nani amemfanyia?" baba aliuliza.

"Hakuna aliyemfanyia, mzee."

"Basi yeye amefanya nini?"

"Hakufanya kitu."

Baba aliangalia mikono yake. "Maana tuliambiwa ipo dhambi."

"Hakuna dhambi, mzee. Mlizika mtoto. Kisha akapata mimba nyingine akiwa bado na msiba, akajifungua, akakosa usingizi. Na mmeniambia habari za mjomba na za babu. Yamekutana. Kila moja lingekuja peke yake huenda asingeanguka. Na wengine wanaanguka bila hata moja la hayo, sisi tunabaki hatujui kwa nini. Nakwambia ukweli."

Baba aliinama. Nilidhani anatafuta kitu sakafuni. Alikuwa analia, bila sauti, mabega yanatikisika, na mama, ambaye kwa wiki nyingi hakuwa amemgusa mtu, aliinua mkono wake mzito akauweka juu ya goti lake.

Tulipokuwa tunaondoka baba aliuliza swali la mwisho, kwa sauti ya chini akidhani sisikii. "Na watoto?"

"Wengi hawapati," yule daktari alisema. "Wengine wanapata."

Mama alitibiwa. Sitaki kusimulia kana kwamba dawa zilikuwa muujiza. Zilimfanya alale mno, zikamnenepesha, zikamtetemesha mikono hadi chai ikamwagika kwenye kisahani kabla haijafika mdomoni. Zilibadilishwa, zikapunguzwa, zikaongezwa. Lakini alisimama. Alipika, alilima, alikwenda kanisani akakaa benchi la katikati kama wanawake wengine. Wageni walipofika aliwapokea kama inavyopasa, akiinama na kupiga makofi taratibu, mwakeye, mwakeye, hadi salamu zote zikaisha. Baba alimkumbusha vidonge kila jioni na kumletea maji mwenyewe kwenye kikombe cha bati.

Kitu kimoja kilikwenda na hakikurudi. Mama hakuimba tena. Nilimwuliza siku moja tukipalilia.

"Naogopa," alisema. "Nikianza kusikia utamu wa wimbo sijui kama ni mimi au ni ugonjwa unakuja. Afadhali ninyamaze."

Niliendelea na shule, nikawa mwalimu, nikapangiwa Makere, upande wa Kasulu. Nikaolewa na fundi wa pikipiki wa hapo hapo, mtu mpole, mcheshi. Nilipopata mimba nilifurahi. Nilijifungua mtoto wa kike bila taabu. Mama mkwe alikuja na mawese na migebuka mikavu, wale samaki wa ziwani, majirani wakajaa, kila mtu akamsifu mtoto.

Mimi sikusikia kitu.

Nilimtazama mtoto kama unavyomtazama mtoto wa mtu mwingine kwenye foleni. Nilimnyonyesha kwa kuwa alilia. Alipolala sikulala, nilikaa nimemkodolea macho nikifikiri kwamba amekuja kwa mama asiyefaa na kwamba ingekuwa heri kwake apate mwingine. Nguo zangu zilinuka maziwa nami sikuwa na nguvu ya kuvua. Mume wangu alihangaika.

"Mama mtoto, una nini? Mtoto mzima, wewe mzima, nyumba ipo. Nimekukosea?"

"Hujanikosea."

"Basi niambie."

Nilivuta shuka nikajifunika. Mama mkwe, huko nje, alikuwa na lake. Nilimsikia anamwambia jirani, "Si mnajua ametoka kwa mama gani." Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayetaja ng'ombe ametoka zizi gani.

Mume wangu alimpigia mama simu bila kuniambia. Mama hakuwa amesafiri peke yake tangu augue. Alipanda gari Kibondo, akateremka Kasulu, akachukua bodaboda hadi Makere, na alipoingia ndani alikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Hakumchukua mtoto kwanza, kama wanavyofanya bibi wote. Alikuja kitandani kwangu, akavua viatu, akalala pembeni yangu, uso kwa uso.

"Unahisi kama umefunikwa blanketi lililolowa," alisema.

Nilimtazama.

"Na watu unawasikia kwa mbali, kama wanaongelea upande wa pili wa mto."

"Ndiyo, mama."

"Na mtoto humpendi, na unaona aibu kwa sababu humpendi."

Hapo nililia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nijifungue. Mama alinishika kichwa akakibana kifuani kwake, pale kwenye alama za chale za yule mfumu, na nilihisi naye analia. Katika majira yake yote ya giza sikuwahi kumwona akilia. Alikuwa akinyamaza tu.

"Ni ule ule ugonjwa wangu," alisema. "Nilikuombea kwa Mungu uchukue kila kitu kwa baba yako. Nilimwambia mwondolee hata sura yangu, asifanane nami hata kidole. Kumbe hakunisikia."

"Si kosa lako, mama."

"Najua si kosa. Inauma hivyo hivyo."

Kesho yake alinivalisha kama mtoto, akambeba mjukuu wake mgongoni, akanipeleka Kasulu, hospitali ile ile. Mama mkwe alisimama mlangoni.

"Mnampeleka wapi? Mzazi hatoki nje na mtoto mchanga hivi."

"Dada, binti yako anaumwa," mama alimwambia. "Mimi ugonjwa huu naujua kuliko wewe. Ukitaka kusaidia, tufungie uji."

Mama mkwe alisimama kidogo, kisha akaingia jikoni. Uji ule tulikunywa kwenye benchi la hospitali, mama akiniwekea chupa mdomoni.

Sasa alikuwepo daktari mwingine, kijana wa kiume, na ni mama aliyeeleza kila kitu. Alieleza habari za babu yake na mizinga ya nyuki, habari za kaka yake, na za kwake mwenyewe, moja baada ya nyingine, bila kuinamisha macho, akimalizia, "Na huyu ni wa kwangu." Niliambiwa ni sonona ya baada ya kujifungua, kwamba inatibika, na kwamba kwa sababu ya ukoo nitaangaliwa kwa karibu isije ikageuka kuwa kama ya mama.

Mama alikaa nami hadi mvua zilipokwisha. Alimwogesha mtoto, alinisindikiza chooni, alikaa mlangoni mwa chumba changu akichambua mboga ili nimwone kila nikifungua macho. Hakunihimiza nichangamke. Wageni waliponiambia nimshukuru Mungu kwa mtoto, aliwatoa nje kwa heshima. Siku moja nilikuwa namfunga mtoto nepi naye akanishika kidole, nikasikia kitu kidogo kimesogea ndani yangu, kama maji yanapoanza kupata moto kabla hayajachemka. Nilimwita mama nikamwambia. Aliketi pale pale sakafuni.

Mimi nilisimama. Yeye ndiye aliyeanguka tena, mwaka uliofuata, baba alipokufa.

Baba alikwenda ghafla. Alirudi kutoka shambani, akaomba maji, akalala, hakuamka. Mama alivumilia msiba wote wima, akapokea kila mkono, akahakikisha waombolezaji wanakula. Watu walimsifu. Lakini mimi nilimwona anavyoyatazama maji ya kumezea dawa jioni, kikombe cha bati alichojiletea mwenyewe, nikaogopa. Nilimwomba aje Makere tuishi naye.

"Nikimwacha baba yako huku peke yake nani atampalilia kaburi?" alisema.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa bado nyumbani, kijana sasa, naye alifanya yote aliyoyaona kwa baba. Alipika. Alimlisha. Alimpeleka kliniki, na dawa mama alikunywa, haachi hata siku moja, ila safari hii hazikumfikia alipokuwa. Nilikuwa nakwenda kila shule zikifungwa. Ilikuwa ule msimu wa baridi ambapo kule juu kwetu watu huota moto hata asubuhi, na mama alikuwa amekonda mpaka pete ya ndoa ilifungwa uzi isidondoke. Alikuwa anakohoa. Alikuwa anakohoa muda mrefu bila kumwambia mtu, kwa sababu mtu akiwa katika hali ile hawezi kuona kuwa kifua chake ni jambo la kumsumbua mwingine.

Hospitali walisema nimonia. Waliandika hivyo na walikuwa sahihi. Mimi najua ni nini kilichomfungulia nimonia mlango.

Siku chache kabla ya kufa alikuwa na akili timamu kabisa. Nilikuwa nampaka mafuta miguuni.

"Mtoto wako analala vizuri?" aliuliza.

"Analala."

"Anacheka sana au anacheka kawaida?"

"Kawaida, mama. Anacheka kama watoto."

"Basi vizuri," alisema, akafumba macho.

Kwenye mazishi, mchungaji mmoja, si yule wa zamani, alihubiri kwamba marehemu alisumbuliwa na nguvu za giza maisha yake yote na sasa amefunguliwa. Watu wakaitikia amina. Mdogo wangu wa mwisho, yule ambaye kuzaliwa kwake watu walikutaja kila walipotafuta chanzo, aliomba kusema neno. Nilidhani atashindwa. Alisimama kando ya udongo akiwa amevaa koti la baba.

"Mchungaji, samahani," alisema. "Mama hakuwa na giza. Alikuwa na ugonjwa, kama kisukari kilivyo ugonjwa. Aliugua akalima, aliugua akatusomesha. Kuna mtu hapa hajawahi kula kwake?"

Yule bibi mjane wa ng'ambo ya njia, ambaye sasa alikuwa anashikiliwa na wajukuu wawili, alianza kuimba kwa sauti iliyopasuka, na wanawake wakampokea. Walimwimbia mama mpaka kaburi likafukiwa lote. Mdogo wangu hakuimba. Alibaki amesimama akishika vishikizo vya lile koti.

Nimerudiwa mara mbili tangu hapo, si kwa ukali wa mwanzo. Nazijua dalili: kwanza naacha kusikia ladha ya chumvi, halafu sauti za wanafunzi zinakwenda mbali. Nakwenda Kasulu mapema, nakunywa dawa, namwambia mwalimu mkuu ukweli, naye hunipunguzia vipindi. Mume wangu amejifunza kutouliza una nini. Anakaa tu karibu akifuta vipuri vyake kwa petroli. Juu sijawahi kupanda. Siku nikifurahi sana, nikijikuta nacheka peke yangu njiani kutoka shuleni, nasimama nijipime kwanza. Hilo nalo lina huzuni yake.

Binti yangu sasa ana miaka tisa. Ana sura ya mama kabisa, hata namna ya kukunja shingo anaposikiliza. Juzi alirudi kutoka shule, akatupa begi, hakusalimia, akaenda kulala akaelekea ukutani. Nilimwita aje ale, akasema hataki. Niliacha sufuria jikoni. Nilikwenda nikakaa kitandani kwake, nikaanza kutafuta maneno ambayo mama aliniambia mimi.

"Mwana wanje, unahisi nini? Unahisi kama umefunikwa?"

Alinigeukia akiwa ameshika shavu, machozi yanamlenga.

"Jino, mama. Hili la nyuma linauma."

Nilimfumbua mdomo nikaliangalia. Lilikuwa na tundu jeusi, na ufizi umevimba. Nilimpa maji ya chumvi asukutue, nikamwambia kesho tutakwenda kuling'oa. Kisha nilirudi jikoni, nikafunga mlango, nikalia mpaka mboga ikaungua.